Suti Iliyokwenda Mokambo

Anaclet hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kamalondo, mtaa wetu, wana midomo, na ukimuuliza wa kwanza utakayemkuta barazani atakwambia jamaa yule alimuibia baba yake. Hakuiba. Aliogopa tu, na ukitaka kuona woga mtafute mtu mwenye mshahara na kiti cha ofisini. Sisi wengine tungeogopa kupoteza nini?

Alikuwa karani mjini, mume wa Albertine, baba wa Delphine, mwenye sauti nzito katika kwaya ya kanisa. Asubuhi akienda kazini alisalimia kila mlango, hata mlango wa baa ambao bado umefungwa, na sisi tulimwitikia huku tukimtania kwa tai yake ya siku hiyo. Tai zilikuwa ugonjwa wake. Alikuwa nazo za mistari, za madoa, na moja ya rangi ya mkojo wa mgonjwa ambayo aliipenda kuliko zote. Albertine alisema mume wake akifa, mbinguni watamtambua kwa shingo.

Halafu ukaja ule wakati wa kurudia asili, kwa amri ya serikali. Majina ya ubatizo yakafutwa kwenye karatasi, na Anaclet ofisini akawa Numbi, ingawa nyumbani hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwita hivyo. Suti na tai zikawa mambo ya wakoloni. Mwanamume alitakiwa kuvaa abakosi, koti lile la vifungo mpaka shingoni. Ikasemekana mjini kuna vijana wenye mikasi wanaokata tai za watu barabarani. Mimi sikuona hata tai moja ikikatwa, lakini Anaclet aliziona zote, kichwani mwake, hata alipokuwa anakula. Akazitoa zake mwenyewe, akampa mkewe. Albertine alifungia nazo magunia ya makaa na mlango wa banda la kuku, na ile ya rangi ya mkojo ikawa kamba ya mbuzi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Anaclet naye alicheka, na mambo yangeishia hapo kama pale uani kusingekuwa na suti nyingine.

Ilikuwa ya baba yake, mzee Rigobert. Huyu alikuwa mtu wa reli, aliyesafiri miaka yote ya ujana wake nyuma ya treni za shaba, na sasa mjane mdogo wa mwili, aliyekaa katika chumba cha nyuma uani kwa mwanawe. Alipostaafu alimwendea fundi wa mtaani akashonewa suti ya kijivu, na hakuivaa hata siku moja. Ilikuwa suti ya kuzikiwa. Wazee wa reli wa Kamalondo karibu wote walikuwa na ya kwao. Aliyekufa bila suti, wenzake walimwonea huruma kama aliyesafiri bila tiketi. Rigobert aliiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, imefungwa katika shuka jeupe pamoja na naftalini. Kila mwaka mvua zilipokwisha aliitoa mwenyewe, akaianika kwenye kamba, akakaa kando yake na fimbo ya kufukuzia kuku. Siku hiyo mtaa mzima tulipita kumtania.

“Mzee, bado huendi tu?” tulimuuliza.

“Bado,” alijibu. “Nguo iko tayari, njo mwenye nguo hayuko tayari.”

Wakati wa mikasi ulipofika, Anaclet alijaribu kuzungumza naye. Alimwambia polepole, kwa heshima, kwamba siku hizi kuwa na kitu kama kile ndani ya nyumba si vizuri. Mzee alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyeona jini chooni.

“Mutoto wangu, miye nitaivaa chini ya udongo. Kule chini nani atakuya kunikamata? Ile kostimi njo nguo yangu ya kuendea kwa Mungu. Uniachie.”

Anaclet akamwachia. Lakini ofisini kulikuwa na nafasi ya mkuu wa makarani, naye alikuwa anatajwatajwa, na mtu anayetajwatajwa husikia mengi. Akasikia kwamba nyumba zitapekuliwa. Nani alisema? Hakuna aliyejua. Zitapekuliwa lini? Karibu. Jumapili moja, mzee alipokuwa misani, Anaclet alijidai ana homa akabaki nyumbani. Aliingia katika chumba cha nyuma, akavuta sanduku, akafungua shuka. Akaitoa suti, na mahali pake akaweka blanketi lake mwenyewe la zamani, lenye tundu la pasi, akalikunja kwa ukubwa uleule, akarudisha naftalini, akafunga shuka kwa mafundo yaleyale. Kazi safi ya karani. Suti akaifunga kwenye gazeti, akatoka nayo kwapani.

Alikwenda kwa Aruna. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wa Maniema, mtu wa swala tano, mnunuzi wa vyombo na nguo ambazo watu hawazitaki tena. Mwaka ule chumba chake cha nyuma kilijaa masuti ya makarani mpaka dirisha lilizibwa, maana yeye aliyapeleka Mokambo mpakani, na ng'ambo ya mpaka Wazambia walikuwa bado wanavaa tai zao bila wasiwasi. Aruna aliikunjua ile suti, akapitisha kiganja juu ya kitambaa, akaguna kwa kuridhika.

“Hii haiyavaliwa hata siku moja,” alisema. “Iko ya nani?”

“Ya miye,” Anaclet alisema.

Aruna aliishika kwa mabega, akaipima mbele ya kifua cha Anaclet. Mikono ya koti ilikomea karibu na viwiko vyake. Alimtazama tu usoni, na Anaclet akatazama mlango. Mtu mwingine angecheka, au angemwambia airudishe. Aruna aliona haya kwa niaba yake, akauliza tu anataka nini. Anaclet alishindwa kutaja bei. Kuipokea pesa ya kitu kile mkononi, hakuweza. Basi akapewa sukari na sabuni za Zambia, vitu ambavyo siku zile mjini vilikuwa adimu, akarudi nyumbani kabla misa haijatoka.

Jioni ile mzee alikunywa chai.

“Sukari ya leo iko tamu kabisa,” alisema. “Muliitosha wapi?” Kwetu huku kutosha ni kutoa.

Albertine alimtazama mumewe, kwa sababu hata yeye hakujua. Anaclet alijibu kwamba alipewa na rafiki wa ofisini. Mzee akamwombea rafiki huyo baraka, akaongeza kijiko. Sukari ile ilikaa sana ndani ya nyumba ile, na kila kikombe mzee aliisifu. Anaclet akaanza kunywa chai bila sukari. Alisema ni tumbo.

Na je, nyumba zilipekuliwa? Hakuja mtu. Si mwezi ule, si mwezi uliofuata, si mpaka leo. Nafasi ya mkuu wa makarani ilichukuliwa na mwingine. Woga ukaondoka kama mgeni asiyeaga, ukamwachia mwenyeji vyombo vya kuosha. Hapo ndipo aibu ilipompata barabara. Akamweleza Albertine. Mwanamke yule hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi.

“Baba Delphine,” alisema, “mvua ikiisha tata muzee atatosha sanduku. Utamuambia nini?”

Akarudi kwa Aruna mbio. Suti ilikuwa imekwenda na mzigo wa kwanza. Basi akadanganya ruhusa kazini, akapanda lori la wachuuzi mpaka Mokambo, yeye na abakosi yake iliyopigwa pasi, amekaa juu ya magunia. Aliulizia kwa kila mchuuzi wa nguo kuukuu. Wengine walimdhani askari wa kificho wakafunga mizigo yao. Mwanamke mmoja aliyeuza soksi aliikumbuka: ndogo, ya kijivu, kitambaa kizito. Ilinunuliwa na Mzambia mfupi aliyekuwa anakwenda kuoa. Alifurahi mno, alisema, ilimkaa kama aliyeshonewa. Anaclet alisimama pale mpakani akiwatazama wanaume wa upande wa pili wakipita na tai zao.

Mvua zikaisha. Jua likawa kali, kamba ya nguo ikabaki tupu, na Anaclet akawa anatoka kila asubuhi kuitazama kama mtu anayesubiri hukumu. Sisi nasi tuliuliza, “Mzee, leo huaniki?” Siku ikapita, na nyingine. Hatimaye mzee Rigobert akatoka chumbani akiburuta miguu, ameshikilia ukuta.

“Maguu inaniuma,” alisema mbele ya mwanawe. “Mwaka huu nitaiacha. Na zaidi, bantu ya mujini beko na macho mubaya. Ikae mule mu sanduku.”

Anaclet alipumua. Alimwambia mkewe kwamba Mungu ana huruma. Lakini furaha ya namna hiyo haikai, na aliyeipata kwa maumivu ya baba yake hawezi kulala nayo. Akanunua dawa ya kuchua, ile nyekundu inayonuka mpaka barabarani, na kila jioni alipotoka kazini alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee, akamchua kutoka magotini mpaka visiginoni. Mzee aliguna, akasema taratibu, hapo hapo, asante mutoto wangu. Mtaani tulimsifu Anaclet. Tulisema huyu ndiye mtoto wa kiume. Alipokuwa anasifiwa aliinamisha kichwa, nasi tukadhani ni unyenyekevu.

Mtu mmoja tu hakumsifu, naye ni Adalbert. Huyu alikuwa mzee kutoka upande wa Luapula, aliyefanya kazi ya reli pamoja na Rigobert, na watu wa kwake na watu wa kwa Rigobert ni watani tangu zamani za mababu. Mtani, au munungwe kama tunavyosema huku, ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe, kula chakula chako kabla hujaketi, na kusema lile ambalo ndugu hathubutu. Kukasirika ni mwiko. Adalbert alikuja kila wiki kumtukana rafiki yake, nao walifungiana chumbani wakicheka. Akikuta Anaclet anachua ile miguu, alisimama mlangoni akitazama, akatikisa kichwa, akasema, “Chua, mwana, chua. Maguu ya mwizi huyu itakimbia tena,” akaenda zake akicheka peke yake.

Mwaka haukugeuka sana. Kifua kilimkamata mzee katika wiki za baridi, na kabla hatujapanga zamu ya kumtazama hospitali, alikuwa ameshakufa. Anaclet alilia kilio cha kweli. Lakini Albertine, ambaye ndiye aliyenisimulia haya, anasema katikati ya kilio kile mumewe alimshika mkono akamnong'oneza, “Angalau hakujua. Amekufa hajajua.” Hilo ndilo lililokuwa limebaki kwake, na alilishikilia kwa mikono yote miwili.

Turubai likatundikwa uani, viti vikaazimwa, wanawake wakakaa chini na wazee wa reli wakaingia chumbani kumwosha mwenzao. Walipomaliza wakavuta sanduku. Mlango ulikuwa wazi, sote tuliona. Wakafungua mafundo, wakakunjua shuka, na mbele ya macho yetu likaanguka blanketi kuukuu lenye tundu la pasi.

Hata waliokuwa wanaimba waliacha.

“Anaclet,” mmoja wa wazee aliita, “kostimi ya baba yako iko wapi?”

Hapo angeweza kusema. Watu wangeguna, wazee wangemkaripia, kesho ingesahaulika, kwa maana nani kati yetu hakutupa kitu mwaka ule? Lakini aibu ikifichwa muda mrefu hujifunza kusema uongo yenyewe. Akasema:

“Baba mwenyewe aliitosha. Aliogopa. Unajua wakati ule… mzee alikuwa na woga sana.”

Albertine aliinua kichwa kutoka mkekani. Wazee wakatazamana. Rigobert mwoga? Lakini mtoto akishasema kuhusu baba yake, jirani ataongeza nini? Wakamvika marehemu shati lake jeupe la kanisani, wakamfunika kwa lile blanketi. Minong'ono ikaanza chini ya turubai: kumbe mzee naye aliogopa, kumbe maneno yake yalikuwa ya mdomoni tu. Nami nilinong'ona, sikatai.

Ndipo Adalbert alipoingia uani. Alikuwa amejipaka majivu usoni na kuvaa kofia ya marehemu, na mkononi alikuwa na fimbo yake. Tukajua mchezo umefika. Kilio cha mzee bila mtani kumwigiza hakijakamilika. Ni lazima amtembee, amseme, amkohoe, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Adalbert alikohoa, na alikuwa Rigobert mtupu. Alipiga chafya ya Rigobert. Aliwafukuza kuku ambao hawakuwapo. Wanawake walishaanza kujifuta machozi ya kicheko.

Kisha akakaa chini, akavuta sanduku ambalo halikuwapo, akafungua mafundo kwa vidole vya kizee, akiimba wimbo wa kanisani puani. Akaacha kuimba. Akachungulia. Akainua kitu, akakinusa, akakigeuza. Akaingiza kidole katika tundu.

“Adalbert,” alisema kwa sauti ya Rigobert, “hii njo blanketi ya mutoto wangu.”

Watu walicheka. Walidhani ni utani. Mimi nilimwona Anaclet akishika nguzo ya turubai.

Adalbert alikunja blanketi lake la hewani polepole, akafunga mafundo, akarudisha sanduku chini ya kitanda. Akafikiri. Akasema tena, “Usimuambie. Aliogopa, masikini. Akijua nimeona, atasikia haya mbele yangu. Miye niko mutu muzima, naweza kubeba. Yeye hataweza.” Akasimama, mwepesi kama kijana, akatembea uani kwa miguu mizima, akaruka hata mtaro wa maji. Halafu akatega sikio upande wa lango. Alisikia mtu anakuja. Mara magoti yakapinda, mgongo ukainama, akashikilia ukuta akiburuta miguu. “Maguu inaniuma! Mwaka huu sitaanika!”

Uani kicheko kililipuka, kisha kikakatika kipande kipande, kadiri kila mmoja alivyoelewa. Waliokuwa nyuma walielewa mwisho. Albertine alijifunika uso kwa kitenge. Miguu ile iliyochuliwa jioni zote zile ilikuwa mizima. Mzee alikaa kitini akinuka dawa, akiguna maumivu asiyokuwa nayo, ili mwanawe asimwone akijua.

Adalbert alienda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo, akasimama mbele ya Anaclet, bado katika mwili wa Rigobert, kichwa kimeinamia upande kama marehemu alivyokuwa akiwasikiliza watoto.

“Mutoto wangu,” alisema kwa ile sauti, bila ukali, “ile siku, nani aliogopa?”

Mila inataka ucheke. Anaclet alijaribu; midomo ilifunguka, meno yakaonekana, lakini hakikutoka kicheko. Alishuka nguzo ile mpaka akawa chini, na abakosi yake yote, kwenye vumbi.

“Miye, Baba,” alisema. “Haukuwa weye. Njo miye niliogopa.”

Alisema tena kwa nguvu zaidi ili wazee waliokuwa ndani wasikie, na wakasikia. Kisha, akilia, akaingiza mkono mfukoni, kwa sababu mtani lazima alipwe, na asipolipwa hubeba kiti au mbuzi au chochote anachokitaka. Hivyo ndivyo tulivyokuta na hivyo ndivyo tutakavyoacha. Alimnyooshea Adalbert noti bila kumtazama.

Adalbert alivua kofia ya rafiki yake. Alijifuta majivu kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kwa sauti yake mwenyewe.

“Uweke pesa yako, mwana,” alisema. “Hii haikuwa ya utani.”